Kipimo cha Nusu Milioni na Tumbo la Baba Zawadi

Wenzangu wana mashemeji wa majuu wa maana. Huyu kaletewa simu. Yule kaletewa viatu. Wa nyumba ya tatu kaletewa jezi ya Arsenal, ya msimu uliopita, lakini jezi. Wa kwangu mimi kakaa, kafikiri, kapiga hesabu, akaona kinachonifaa ni kipimo cha kinyesi. Ndiyo, umesikia vizuri. Zawadi hiyo. Na nimeambiwa nishukuru.

Chanzo ni dada yake, yaani mke wangu. Mimi nina gesi tumboni. Ilikuwa siri ya chumbani, Mama Zawadi kaitangaza mpaka Uingereza. Nikila maharage, gesi. Nikila kabichi, gesi. Nikinywa soda ya kutoa gesi, inaingia nyingine. Usiku tumbo linanguruma hadi Zawadi anatoka chumbani kwake kuuliza nani kawasha pikipiki.

Na ushauri sijanyimwa. Fundi cherehani kasema ni amiba. Mama ntilie kasema vidonda vya tumbo, na yeye ndiye anayenilisha. Dereva bodaboda kasema taifodi, maana huku kwetu ukiumwa chochote kuanzia nywele hadi kucha ni taifodi, na ukiwa na bahati unaongezewa UTI. Famasi ya kona wakanipa dozi. Nikameza yote. Dozi ikaisha, hela ikaisha, gesi ikabaki.

Sasa huyu shemeji yuko Leicester. Kazi yake ni ya usiku, ghalani, anapanga mizigo huku masikioni kaweka podikasti. Mtu akisikiliza podikasti usiku kucha hawezi kubaki salama. Akapiga simu ya video. "Shem, hiyo yako si gesi ya kawaida, hiyo ni maikrobayomu." Nikasema ndiyo. Mimi nikisikia neno nisilolijua nasema ndiyo. Ndivyo nilivyopata mke, na ndivyo nilivyopata mkopo wa vikoba.

Akanipa somo. Kumbe tumboni siko peke yangu. Anasema mwaka 2016 watafiti walikaa wakapiga hesabu upya, wakapata kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria kama trilioni 38, wakati seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Karibu wote wamejazana kwenye utumbo mpana. Ukiwaweka kwenye mzani hawafiki hata robo kilo. Wanameng'enya nyuzinyuzi ambazo tumbo lenyewe haliziwezi, na wakimeng'enya wanatoa gesi. Ndiyo ile. Kwa hiyo ninaporushiwa macho ya hasira kwenye daladala, wakosaji ni trilioni 38, anayefunguliwa dirisha ni mimi. Nyumbani nilishazoea kuwa upande wa wachache kila tukipiga kura ya chaneli. Kumbe na ndani ya ngozi yangu nimezidiwa kura.

"Huku siku hizi mtu anajipima mwenyewe nyumbani," shemeji akasema. "Unaagiza kiboksi mtandaoni, unaweka choo kidogo, unatuma kwa posta, majibu yanakuja kwenye simu. Chagua unachotaka, nitumie linki, nalipa mimi. Ila chagua kwa akili, Shem, viko vingi."

Angesema chagua kwa bei, ningeweza.

Nikaingia mtandaoni. Bando la wiki likakata kabla ya adhuhuri. Kuna vya pauni mia moja na kitu, kuna vya mia mbili, kuna vya mia tatu vyenye ushauri wa mtaalamu wa lishe juu yake. Nikashika kimoja cha pauni 150, nikazidisha kwa bei ya duka la fedha, ikaja karibu nusu milioni. Nusu milioni, jirani! Kwa kitu ninachokitoa kila siku asubuhi bila kubembelezwa. Nimezoea nikikitoa pale stendi nalipa mimi shilingi mia tatu, na bado yule dada wa mlangoni ananipimia karatasi. Nikamuuliza shemeji, kwa heshima zote, kama hiyo pesa haiwezi kuja taslimu, kipimo nitafute mwenyewe huku. Simu ikakata. Baadaye akasema ni mtandao.

Basi nikaanza kuchagua. Nikafungua video ya jinsi ya kutumia. Nilikuwa nimekaa benchi la nje kwa kinyozi, nasubiri zamu, sauti nikaisahau juu. Mama wa Kizungu kavaa sweta jeupe, anatabasamu, kashika kichupa. Anasema kwa Kiingereza cha taratibu kabisa, ili hata kinyozi aelewe, kwamba usichanganye kinyesi na mkojo. Kinyozi akazima mashine. Benchi zima likainama kwenye simu yangu. Kuzima nikashindwa, kidole kilikuwa na jasho.

Lakini angalau niliona. Ndani ya kiboksi kuna karatasi pana, nyepesi, ina gundi pande mbili. Unaibandika kwenye kiti cha choo, kushoto na kulia, katikati inaning'inia. Unakaa. Mzigo unatua juu ya karatasi. Kisha unafungua kichupa, kwenye kifuniko chake kumeshikizwa kijiko kidogo sana, unachota kiasi cha punje ya njegere, unarudisha kijiko ndani ya dawa, unafunga, unatikisa. Hiyo dawa inawafanya vijidudu wabaki walivyo, wasizaliane njiani wakabadilisha hesabu. Ukishamaliza, karatasi inaenda na maji.

Swali langu ni moja tu. Hicho kiti ninacho? Mimi choo changu ni cha kuchuchumaa. Kina sinki la chini, nyayo mbili na tundu. Hiyo karatasi niibandike wapi, ukutani? Nikamuuliza shemeji. Akanyamaza kwanza. Halafu akaniambia nitumie ubunifu. Ubunifu, jirani, na mimi goti langu la kulia unalijua.

Kuna na fomu ya maswali. Ndefu kuliko ya mkopo. Je, ulizaliwa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji? Wanauliza kwa sababu mtoto huokota vijidudu vyake vya mwanzo njiani anapotoka. Nikampigia mama kijijini. Akasema, "Wewe? Wewe ulizaliwa juu ya trekta la ushirika, tukielekea misheni." Nafasi ya trekta haipo. Je, unafuga paka au mbwa? Kuku wanaolala jikoni hawajawauliza. Halafu wanakuonyesha picha 7 za choo, uchague chako. Nilidhani ni utani. Si utani, ni chati ya Bristol, iliandikiwa makala ya kisayansi mwaka 1997, na madaktari dunia nzima wanaitumia. Namba 1 ni vigololi vigumu, namba 4 ni choo laini kinachoshikana, namba 7 ni maji matupu. Mimi kwa wiki moja nilipita kwenye namba zote, tena Jumapili baada ya harusi nilipita mbili kwa wakati mmoja. Fomu inakubali moja.

Hapo sijagusa kitu chenyewe cha kuchagua. Viboksi vinatofautiana kwa namna vinavyosoma. Shemeji akanieleza mpaka kichwa kikaniwanga, nami nikaelewa kwa namna yangu. Fanya tumbo ni nyumba ya kupanga. Vipimo vya bei rahisi vinasoma kipande cha jeni moja tu inayoitwa 16S, ambayo kila bakteria anayo. Huyo ni mjumbe anayepita koridoni anasoma majina ya ukoo milangoni: hapa kina Mushi, hapa kina Mwaipopo. Ni Mushi yupi, anafanya kazi gani, ana tabia gani, hajui. Vya bei ghali vinasoma vinasaba vyote vilivyomo, wanaita metajenomiki. Huyo ni karani wa sensa, anaingia kila chumba, anaandika jina kamili, na kazi, na hata wageni wasio bakteria, fangasi na virusi, anawakuta uvunguni. Kwa hiyo ukitaka kujua zaidi, lipa zaidi. Nikasema afadhali, hapa nimeelewa: cha ghali ndicho kizuri.

Shemeji akasema, "Si hivyo, Shem."

Bwana, mimi na shemeji tukikosana ndugu wasishangae.

Anasema ukichukua kinyesi kilekile, ukagawa, ukapeleka maabara mbili, majibu yanaweza kuja tofauti mbali kabisa. Kila maabara ina namna yake ya kuwapasua vijidudu kutoa vinasaba, na kila moja ina daftari lake la majina ya kulinganishia. Hali ilikuwa mbaya mpaka taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia vipimo na viwango, NIST, mwezi Machi 2025 ikatoa kinyesi rasmi. Sikutanii. Kimechukuliwa kwa watu wanaokula mboga tu na wanaokula kila kitu, kimesagwa, kimechunguzwa mpaka basi, kimegandishwa kwenye vichupa, kinauzwa kwa maabara ili zijipime kama zinasoma sawasawa. Kuna Mmarekani, jirani, kinyesi chake ni kiwango cha taifa. Mimi hata cheti changu cha kuzaliwa kina makosa ya herufi.

Nikasema sawa, tuseme maabara imesoma vizuri. Majibu yanasemaje? Yanakupa alama. Una alama 62 kati ya mia, bakteria wazuri wachache, wabaya wamezidi. Nikauliza, 62 kwa kulinganishwa na nani? Hapo shemeji akakuna kichwa. Na wateja wao, akasema. Wateja wao ni nani? Wazungu wenye pauni 150 za kuchezea.

Hili jambo lina ubishi wake, na ubishi wenyewe uko hapahapa kwetu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi unawajua. Wanakula mizizi ya porini, ubuyu, matunda madogomadogo, asali na nyama ya kuwinda. Mwaka 2014 jarida la Nature Communications lilitoa utafiti uliolinganisha kinyesi chao na cha Waitaliano wa Bologna. Wahadzabe wakawaacha Waitaliano mbali kwa wingi wa aina za vijidudu. Lakini watu wazima wa Kihadzabe hawakukutwa na bifidobakteria, wale wanaosifiwa kwenye makopo ya mtindi kwamba ndio bakteria rafiki. Sasa hebu mpe Mhadzabe kile kiboksi cha Leicester. Atawashiwa taa nyekundu: ndugu mteja, umepungukiwa bifidobakteria, bonyeza hapa ununue vidonge vyetu. Na hilohilo tumbo ndilo maprofesa wanalipandia ndege! Tim Spector wa King's College London alikuja mwenyewe, akakaa nao siku 3, akala ubuyu, asali na nyama ya nungunungu. Alipima kinyesi chake kabla na baada. Aina za vijidudu zikapanda kwa asilimia 20 hivi. Akarudi London, siku chache tu zikashuka palepale zilipokuwa.

Ngoja, bado. Mwaka 2017 jarida la Science likaonyesha kwamba vijidudu vya Wahadzabe vinabadilika na msimu. Kuna koo zinapotea masika, kiangazi zinarudi. Kwa hiyo hata nikipimwa, nimepimwa mwezi gani? Mwezi wa maembe au mwezi wa madeni? Na mimi mtu wa Mbagala, asubuhi chapati, mchana ugali na dagaa, usiku chipsi mayai kama kuna hela na kiporo kama hakuna, nalinganishwa na nani? Kwa Wahadzabe sipo. Kwa Waitaliano sipo. Nimekaa kati na tumbo langu, sina mwenzangu kwenye kompyuta yao.

Nikapata na hofu nyingine. Kinyesi kikishafika kwao ni cha nani? Usicheke. Kulikuwa na kampuni San Francisco inaitwa uBiome, ilianza 2012, ikachangiwa mamilioni, watu wakatuma vichupa vyao kwa fahari. Aprili 2019 FBI wakaingia ofisini kupekua, mambo ya bili walizokuwa wanawapelekea watu wa bima. Mwaka huohuo ikafilisika, mali zake zikauzwa. Machi 2021 waanzilishi wake wawili wakafunguliwa mashtaka ya udanganyifu. Kampuni ikifa, taarifa za wateja nazo ni mali, zinaingia mnadani pamoja na mafriji. Mimi namfikiria yule afisa wa FBI. Miaka ya mafunzo, bastola kiunoni, miwani nyeusi. Jioni mkewe anamuuliza, leo kazini mlikamata nini?

Pamoja na yote hayo nikachagua. Mtu akisema analipa, unachagua. Nikaenda kujaza anwani ya kupokelea. Kuna orodha ya nchi, unateremsha kwa kidole. Nikateremsha. Uswidi ipo. Taiwan ipo. Baada ya Taiwan ikaja Thailand. Nikapandisha juu, nikashusha tena taratibu, nikadhani kidole kimeruka. Hakikuruka. Sisi hatupo. Kinyesi cha Thailand kinapokelewa, changu hakitambuliki.

"Hamna shida," shemeji akasema. Huyu kijana kila nikifikiri limekwisha ana njia. "Kiboksi kinakuja kwangu, nampa rafiki yangu anakuja Dar mwezi ujao. Ukishaweka, kile kichupa kinakaa wiki kadhaa bila friji. Mama si anakuja huku kuangalia mjukuu? Atanibebea."

Mama. Mama mkwe wangu. Yule ambaye kwa miaka yote hii sijawahi kula chakula akiwa ananitazama. Ambaye nikisikia amefika nyumbani natoka kwa mlango wa nyuma nikavae shati. Huyo ndiye anibebee kinyesi mpaka Leicester.

Nilimwambia mke wangu wazo hili life hapahapa. Kumbe alikuwa ameshaweka simu sauti ya juu na mama yuko hewani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimesikia kuna mzigo wako."

"Ni mdogo tu, mama. Wa punje ya njegere."

Kimya. Nikasikia jogoo wa kwao anawika kwa mbali.

"Na pale uwanjani wakinifungua begi wakaniuliza hiki nini?"

Mimi nikanyamaza. Mke wangu akadakia, "Utawaambia ni sampuli, mama."

"Sampuli ya nini?"

Hapo mke wangu naye akanyamaza. Mara ya kwanza kabisa tangu nimuoe.

"Baba," mama akasema, taratibu, kwa ule upole wake unaoumiza. "Mimi nimewahi kubeba dagaa. Nimebeba unga wa muhogo. Nimebeba magome ya mwarobaini na wakaninusisha mbwa. Lakini kuna vitu mtu na mkwewe hawapeani." Akaaga. Akaulizia afya ya Zawadi. Yangu hakuulizia, alishaijua.

Kesho yake mke wangu akanishika mkono, zahanati. Wewe unakumbuka enzi zetu choo tulipeleka kwenye kiberiti. Unamwaga njiti, unaweka mzigo, unatia mfuko wa shati, na kwenye basi lazima atokee mzee wa kukuomba moto. Siku hizi wamestaarabika, wanakupa kikopo cheupe chenye kijiti. Karatasi ya kuning'inia hamna, mama wa sweta hamna. Unaonyeshwa choo kilipo, basi. Nikafanya nilichoweza kwa goti lile. Kwenye kikopo nikaandika jina haraka, nikapeleka dirishani, nikakaa benchi na watu wazima wenzangu tukiangalia taarifa ya habari.

Mlango wa maabara ukafunguliwa. "Choo cha Baba Zawadi! Baba Zawadi yuko wapi?"

Nikanyoosha mkono hadi usawa wa bega.

"Choo chako kidogo, baba. Hakitoshi. Kaongeze."

Pale benchi alikuwepo mwalimu mkuu wa Zawadi. Alikuwepo katibu wa kikoba. Watu wakanigeukia kwa huruma ya kweli kabisa. Bibi mmoja akafungua mkoba wake akanipa ndizi. "Kula mwanangu, ujitahidi." Nikala. Ungefanyaje?

Majibu yakatoka kabla taarifa ya michezo haijaanza. Minyoo hamna. Amiba hamna. Wale bakteria wa vidonda vya tumbo nao wakaniangalizia, hamna. Nikalipa elfu kadhaa, nusu milioni bado iko Leicester. Daktari, kijana tu wa rika la mpwa wangu, akaniuliza kama naona damu chooni, kama nimekonda bila sababu, kama nina homa. Hapana. Akasema ningekuwa na mojawapo angenipeleka hospitali kubwa leoleo, asingesubiri. Nikamtajia kiboksi cha maikrobayomu, nikitegemea ashtuke kwa usomi wangu. Hakushtuka. Akasema mwishoni mwa 2024 mabingwa wa nchi mbalimbali waliandika kwenye jarida la Lancet la magonjwa ya tumbo kwamba hawashauri watu kujiagizia vipimo hivyo wenyewe bila daktari. Vinaweza kukuambia nani yumo tumboni. Umfanye nini huyo aliyemo, sayansi bado inatafuta.

Halafu akauliza nakunywa nini asubuhi. Chai ya maziwa. Saa nne? Chai ya maziwa. Jioni? Nikamwambia na jioni. Akaweka kalamu chini. Anasema watu wazima wengi wa huku kwetu tumbo haliimudu sukari ya maziwa, inateremka mpaka kwa wale bakteria, wanaifanyia karamu, gesi inatoka. Acha maziwa wiki mbili uone. Na maharage loweka usiku, mwaga maji. Ndiyo hivyo tu. Hakuandika hata dawa. Nikatoka pale nimechukia, maana nilikuwa nimeshazoea wazo la kuwa na ugonjwa wenye jina refu.

Nikampigia shemeji kumpa habari. Hakufurahi sana. Akaanza kunisimulia mwenye nyumba wake, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye serikali imemtumia kikopo kwa posta, bure. Kule England kila mtu wa miaka 50 hadi 74 anatumiwa, kila baada ya miaka 2. Wanatafuta kitu kimoja tu, damu isiyoonekana kwa macho, ili saratani ya utumbo ikamatwe mapema. Kikopo cha bure kinatafuta jambo moja na kinaokoa maisha ya watu. Kiboksi cha nusu milioni kinatafuta mambo elfu na mwishoni kinakwambia kula mboga. Hayo si maneno yangu, ni yake. Nikamuuliza, sasa mbona ulitaka kuninunulia cha nusu milioni? Akasema kilikuwa na punguzo.

Chai ya rangi nimeizoea. Na gesi, kusema ukweli, ilipungua. Kochi nililohamishiwa kwa sababu ya gesi nikalirudishia mito yake, nikarudi kitandani kwangu. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha.

Shemeji akamtumia dada yake linki. Mradi mmoja wa California, American Gut, ulikusanya vichupa vya maelfu ya watu, na mwaka 2018 ukatoa majibu: wanaokula aina zaidi ya 30 za mimea kwa wiki wana vijidudu vya aina nyingi kuliko wanaokula 10 au chini ya hapo. Mke wangu hakusoma mara ya pili. Kabandika karatasi ukutani, kachora mistari. Mchicha. Tembele. Kisamvu. Majani ya maboga. Mnafu. Mlenda. Bamia. Nyanya chungu. Kunde. Choroko. Njugu mawe. Uwele. Ulezi. Ubuyu. Kila ninachomeza anaweka tiki, na anayetumwa sokoni ni mimi. Viazi vitamu na matembele nilimwambia ni mmea mmoja, mahesabu yakaleta ugomvi.

Na gesi? Imerudi. Imerudi na ndugu zake. Mtu ukiongeza nyuzinyuzi kwa pupa ndivyo inavyokuwa, unatakiwa uongeze taratibu, ila nani wa kumwambia Mama Zawadi taratibu. Nikamlalamikia shemeji. Akasema, "Hiyo dalili nzuri sana, Shem. Bakteria wanafurahi."

Basi jirani, leo Jumapili na karatasi ukutani imepungukiwa mmea mmoja. Nimejaribu kusema sigara ni mmea, imekataliwa. Huo mlonge wenu wa nyuma ya ua, naomba tawi moja tu, dogo. Na usisogee karibu sana wakati wa kunipa.